Nilipiga kelele za mwizi, kijana akapigwa: je, damu yake iko juu yangu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa kukaanga samaki hapa Sahare, Tanga. Wiki mbili zilizopita, saa kumi jioni, kijana alinyakua kipochi changu mezani. Kilikuwa na simu na shilingi 85,000, na humo 60,000 zilikuwa marejesho ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikapiga kelele, "Mwizi!" Watu wakamkimbiza, wakamkamata, wakamvua nguo, wakampiga kwa mawe na mbao mpaka akazimia. Mimi nilisimama nikiangalia. Simu nilirudishiwa, pesa sikuziona tena. Kijana amelazwa hospitali ya Bombo, na mama yake ni wa mtaa wetu, tunateka maji bomba moja. Nilipolieleza jumuiyani, mzee mmoja akasema nisijisumbue, Biblia yenyewe imeruhusu mwizi auawe, na isitoshe yule si wa imani yetu. Wengine wakaitikia amina. Mbona mimi silali?

JIBU: Amina, mama yangu. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa usiku usio na usingizi.

Kuhusu wizi wenyewe sitasema mengi. Amri ya saba unaijua tangu kipaimara, na kijana naye anajua kwamba kipochi hakikuwa chake. Alikukosea. Kilichonifanya niandike ni ile "amina" ya jumuiyani, maana nimeisikia pia kwenye daladala, na mara moja, kwa aibu yetu, mlangoni mwa kanisa.

Mzee wetu alikuwa anaisoma Kutoka 22:2, isemayo kwamba mwivi akikutwa akivunja nyumba, akapigwa hata akafa, hapatakuwa na hatia ya damu. Hapo akafunga Biblia. Laiti angeshuka mstari mmoja tu! Mstari wa tatu unasema kwamba ikiwa jua limekucha juu yake, hatia ya damu ipo, na mwivi atalipa alichoiba. Sababu iko wazi. Usiku wa giza mwenye nyumba hajui kama anayevunja ukuta amefuata mbuzi au amefuata roho za watoto wake, hivyo anajihami. Mchana anamwona. Kijana huyu alikamatwa saa kumi jioni, jua la Tanga likiwaka, kundi zima kwa mtu mmoja ambaye mkononi alikuwa na kipochi cha mama. Mstari alioushika mzee kuwatetea wapigaji ndio unaowahukumu.

Na asome sura yote. Ng'ombe aliyeibwa akachinjwa analipwa kwa ng'ombe watano, kondoo kwa wanne, mnyama akikutwa hai ni mara mbili. Hakuna mahali Musa anapodai roho ya mtu kwa sababu ya mnyama wala fedha. Wizi uliotolewa hukumu ya kifo ni wa kumwiba mtu na kumuuza, Kutoka 21:16, na pwani hii yetu, toka Pangani hata Bagamoyo, inaujua wizi huo kwa historia yake. Wanaotaka ukali wa Torati wauchukue pamoja na vipimo vyake. Hata wahenga waliosema siku za mwizi ni arobaini walisema atakamatwa. Habari ya mawe tumeiongeza sisi.

Hilo la "si wa imani yetu" limeniumiza kuliko yote. Mambo ya Walawi 19 inasema "msiibe" mstari wa 11. Mstari wa 18 inasema umpende jirani yako kama nafsi yako, neno lile lile alilolinukuu Bwana wetu. Na katikati, mstari wa 16, unakuta hili: "wala usisimame kinyume cha damu ya jirani yako." Aliyekataza wizi amekataza pia damu ya jirani, katika sura moja, kwa pumzi moja. Atakayesema jirani ni Mwisraeli tu, asogee mpaka mstari wa 34, mgeni naye apendwe kama nafsi yako. Na Yesu alipoulizwa jirani ni nani, shujaa wa mfano wake alikuwa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangia naye hata chombo cha maji. Ninyi mnachangia bomba na mama yake.

Ukiirudia Luka 10 utaona wanyang'anyi wa njia ya Yeriko walifanya nini. Walimvua nguo, wakamjeruhi, wakamwacha karibu ya kufa. Linganisha na barua yako. Kijana alianza jioni ile akiwa mnyang'anyi, akaimaliza akiwa yule mtu aliyelala njiani, na kazi ya wanyang'anyi wakaifanya watu wa mtaa, wengine wao wa kwetu.

Sasa wewe. Kupiga kelele hukutenda dhambi. Mama aliyeporwa anaomba msaada, na kumkamata mwizi na kumpeleka kituoni ni halali mbele za Mungu na mbele ya serikali. Lakini ulisimama ukaangalia. Sitakuficha kwamba hilo ni la kutubu, ingawa najua mwanamke mmoja angezuia nini mbele ya mbao zile. Labda ungesema tu, "Basi, nimesamehe, mwacheni." Mara nyingine sauti ya aliyeibiwa ndiyo pekee wanayoisikia. Litubu, na upokee msamaha kweli, kwa sababu Kristo alisulubiwa katikati ya wanyang'anyi wawili na mmoja wao akaingia naye peponi.

Deni bado lipo. Kumpenda kijana hakufuti 85,000. Zakayo alirudisha mara nne na hakuna aliyemwambia "acha, umeokoka." Akipona, mwambie unamdai, mpangiane alipe kidogo kidogo hata kwa kukubebea ndoo za samaki kutoka soko la Deep Sea. Paulo anamtaka mwivi afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Ukiamua kumwachilia deni, iwe zawadi yako, asikulazimishe mtu, hata mimi. Polisi wakikuhoji, eleza yote mawili, wizi na kipigo. Wenzako wa kikoba waambie ukweli mapema kabla ya siku ya marejesho.

Mzee wa jumuiya nitamfuata mwenyewe. Si mtu mbaya. Aliibiwa injini ya boti miaka ile na hajapoa mpaka leo, na sisi tulimwacha na uchungu wake.

Kwa mama wa kijana usisubiri apone. Atadhani umekuja kudai, au kusimanga, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Mpelekee kijana wake uji, maana kwa mawe yale sidhani kama anaweza kutafuna. Kama miguu inakuwa mizito, nisubiri Jumapili getini baada ya ibada ya kwanza, twende wote Bombo.