Tusikimbilie Funzo: Visa vya Biblia Mbele ya Vijana wa Mwanza

Ukikaa viti vya nyuma katika kipindi cha vijana, mara nyingi utaweza kukisia mwisho wa somo kabla mwalimu hajafungua Biblia. Akimtaja Daudi, Goliathi atakuwa ni changamoto za maisha. Akimtaja Yusufu, shimo litakuwa ni majaribu na ikulu ya Farao itakuwa ni mafanikio yanayokuja. Akimtaja Danieli, simba watakuwa ni maadui wa kazini. Vijana wataitikia amina, wataimba, wataagana vizuri, na Jumatatu asubuhi anayeuza viatu Makoroboi ataamka na deni lake lile lile, wala hatakumbuka kwamba jana yake alisikia habari inayomhusu. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja upande wa Kirumba, na kwa uzoefu nilioupata katika huduma hiyo nimefikia kuamini kwamba vijana wetu hawana uvivu wa kusikiliza Neno, bali sisi walimu tunalifikia funzo kwa haraka mno, kisa chenyewe kikiwa bado hakijasimuliwa kikaeleweka. Ushauri wangu kwa walezi wenzangu ni huu: simulieni kisa chote, pamoja na kazi, fedha, ndugu na hofu zilizomo ndani yake, kisha waacheni vijana waseme wanachokiona kabla ninyi hamjasema.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni sura ya 5 ya Injili ya Luka. Sisi tulio kando ya ziwa tuna bahati ambayo mwalimu wa Dodoma hana, kwa kuwa darasani mwetu wamo vijana wanaotoka mwaloni moja kwa moja, wengine wakiwa hawajalala. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo ukilisoma mbele yao jibu la Simoni, "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu," huna haja ya kueleza maana ya kuchoka. Unachohitaji ni kunyamaza kidogo. Nakumbuka nilipowauliza kwa nini Luka ametaja kwamba wavuvi walikuwa wanaosha nyavu, kijana mmoja anayevua upande wa Igombe alijibu bila kusita: "Mwalimu, mtu akishaosha nyavu amefunga hesabu. Ukimwambia arudi majini unamwambia achafue nyavu upya, achome mafuta tena, na vijana wake wameshaanza kwenda nyumbani." Hakuna kitabu cha mafundisho kilichowahi kunionyesha ukubwa wa utii wa Simoni kama jibu hilo.

Kutoka hapo mazungumzo yalikwenda mahali ambapo nisingeyapeleka mwenyewe. Mmoja alitaka kujua samaki wale waliuzwa na nani, kwa maana andiko linasema kwamba walipofika pwani waliacha vyote wakamfuata. Mwingine alikumbusha kwamba Simoni alikuwa na mke, kwa kuwa sura ya 4 inaeleza kuponywa kwa mkwewe, na mke huyo bila shaka alisubiri fedha ya matumizi. Tulifungua Marko 1 tukakuta kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara, maana yake shughuli ile ilikuwa na mwenye mali na vibarua, kama ilivyo hapa kwetu ambapo mwenye mtumbwi huchukua fungu lake na gharama ya mafuta kabla ya wavuvi kugawana kinachobaki. Luka hasemi samaki waliuzwa na nani, nami sikujaribu kulijibu swali hilo kwa kubuni. Lakini kila aliyekuwapo aliona kwamba tafsiri inayopendwa sana siku hizi, kwamba ukitii nyavu zako zitajaa, imekata kisa katikati: nyavu zilijaa kweli, hata vyombo viwili vikakaribia kuzama, na siku hiyo hiyo wenye nyavu wakaziacha. Mwalimu anayeishia mstari wa 7 anaahidi kitu ambacho mstari wa 11 haukiahidi.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kuchagua visa kwa kuangalia maisha ya vijana yalivyo, badala ya kurudia vile tulivyofundishwa Shule ya Jumapili. Katika darasa langu wamo wanafunzi wa chuo cha Malimbe, madereva wa bodaboda, mafundi cherehani na mabinti wanaonunua dagaa wabichi alfajiri ili wawaanike. Kinachowaunganisha wote, kama ukiwapa nafasi ya kusema ukweli, ni deni. Wengine wamekopa ile mikopo ambayo mtaani huitwa kausha damu, yenye rejesho la kila siku, na mkopeshaji anashikilia kadi ya benki au kitambulisho cha mkopaji mpaka amalize. Kijana wa namna hiyo huwezi kumfariji kwa Goliathi. Mpe 2 Wafalme 4, habari ya mjane wa mmoja wa wana wa manabii ambaye mumewe amefariki akiwa na deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa.

Kisa hiki nakishauri kwa kila mlezi, kwa sababu kila hatua yake ina jambo la kujadili. Nabii Elisha anaanza kwa kuuliza mama huyo ana nini nyumbani. Anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa majirani, na anamwagiza visiwe vichache. Anamwambia ajifungie ndani pamoja na wanawe. Na mafuta yanapokoma anamwambia akauze, alipe deni kwanza, kisha waishi kwa kinachobaki. Kuhusu kufunga mlango, nilikuwa nimejiandaa kusema habari za sala ya sirini, ambayo ni maelezo mazuri tu. Binti mmoja anayeuza dagaa aliona jambo jingine: "Mdai akijua kuna mafuta ndani hatachukua deni lake tu, atachukua pipa zima. Yule mama alifunga ili apate nafasi ya kuuza mwenyewe kwa bei yake." Sijui kama mwandishi wa kitabu cha Wafalme alilikusudia hilo, na niliwaambia hivyo, lakini yule binti alikuwa amekisoma kisa kama mtu aliye ndani ya nyumba ile. Tulizungumza kuhusu majirani waliotoa vyombo bila kuuliza maswali mengi, kuhusu aibu ya kuomba, na kuhusu kishawishi cha kutumia fedha kabla ya kulipa. Baada ya somo hilo baadhi yao walianzisha mfuko wa kuweka akiba kila wiki, jambo ambalo kwa mahubiri ya kawaida kuhusu uwakili, yaani kutunza mali kwa uaminifu, lilikuwa limeshindikana.

Hata hivyo, mjane wa Elisha asifundishwe peke yake, kwa kuwa vijana wanaweza kudhani kwamba Biblia inamtazama mkopaji tu na kumwacha mkopeshaji. Sura ya 5 ya Nehemia inawageukia wakopeshaji. Watu wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao, na kwamba wanawatoa watoto wao wawe watumwa. Nehemia anakasirika, anawakabili wakuu hadharani, anawataka warudishe mashamba na ile riba ya sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, naye anakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamewakopesha watu. Mlezi awe na ujasiri wa kukisoma kisa hiki hata kama anajua kwamba katika safu za mbele za kanisa lake wamo waheshimiwa wanaokopesha kwa riba kubwa. Asimtaje mtu. Andiko litajitosheleza.

Visa vya ndoa navyo vina utamu wake katika nchi ya Wasukuma, ambako mahari ya ng'ombe bado ni habari nzito. Msomee kijana Mwanzo 29, jinsi Yakobo alivyotumika miaka saba kwa ajili ya Raheli na kupewa Lea usiku, na hutaweza kuwazuia wavulana wasicheke na kuwalalamikia wakwe. Subiri kicheko kiishe. Ndipo mabinti wataanza kuuliza Lea mwenyewe aliulizwa na nani, na hapo ndipo pa kukaa.

Kuna visa ambavyo hapa Mwanza vinahitaji uangalifu zaidi kuliko mahali pengine, na cha kwanza ni kile cha Yesu kutuliza dhoruba. Mkoa huu haujasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika Mwanza na kuua mamia ya watu, wala tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Karibu katika kila kundi la vijana utamkuta aliyepoteza mzazi, shangazi au jirani majini, na wengine wana ndugu ambao mtumbwi wao ulitoka usiku mmoja usirudi. Mwalimu anaposema kwa furaha kwamba ukiwa na Yesu chomboni huwezi kuzama, anamwambia yatima aliyeketi mbele yake kwamba mama yake hakuwa na Yesu. Tafadhali tuache maneno hayo. Marko 4 mstari wa 36 unasema kwamba palikuwa na vyombo vingine pamoja na chombo cha Yesu, na upepo ulipokoma ulikoma kwa wote, kwa waliomwamini na kwa wasiomjua.

Kisa hicho nakiunganisha na Matendo 27, ambapo Paulo anaonya kwamba safari itakuwa na hasara, lakini akida, yaani mkuu wa askari, anawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Merikebu ile ilivunjika. Watu 276 waliokuwamo waliokoka, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao. Vijana wa ziwani hulielewa jambo hili upesi, kwa sababu wanamjua mwenye chombo anayejaza abiria kupita kiasi, na wanajua jinsi mtu anavyochekwa akivaa jaketi okozi. Kwamba mtume mwenye imani kubwa alijali hali ya bahari na majira ya mwaka, na kwamba alikuwa na haki ya kusema "tusiondoke", ni habari inayoweza kumwokoa mtu wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana hunikera kusikia kwamba kuangalia utabiri wa upepo kabla ya kuvuka kwenda Ukerewe ni upungufu wa imani.

Kisa cha mwisho ninachotaka kukitaja ni 2 Samweli 13, habari ya Tamari binti Daudi, ambaye kaka yake Amnoni alimlaghai kwa kujifanya mgonjwa na kumbaka. Walezi wengi hukiruka, na ninaielewa hofu yao. Mimi naona kinafaa kusomwa kwa vijana wakubwa, bila kupambwa, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo familia nyingi hulifanya hata leo: Absalomu anamwambia dada yake anyamaze, na mfalme anakasirika sana lakini hakuna tunachosoma kwamba alimfanyia Amnoni. Tamari alikuwa amesema waziwazi, kabla na baada ya kitendo, na walioshindwa ni wanaume wa nyumba ile.

Lakini mtu asikisome kisa hiki bila maandalizi. Kabla ya siku yenyewe, mlezi azungumze na mchungaji na kumpata mama mmoja anayeaminiwa na mabinti, atakayekaa kanisani baada ya kipindi bila haraka ya kuondoka. Wavulana nao wapate mtu wao, kwa kuwa wapo waliotendewa. Yeyote atakayekuja kusema asihojiwe mbele ya wenzake, asiulizwe alikuwa amevaa nini, wala asipelekewe wazee wa kanisa wakae kikao cha kusuluhisha kosa la jinai. Ahadi ya kutunza siri isitolewe pale ambapo aliyeumizwa ni mtoto. Asindikizwe hospitali mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hazifai kuanzwa baada ya muda huo, na taarifa ifikishwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ni mtoto na hakuna mtu mzima wa karibu wa kumtegemea, namba 116 hupigwa bila malipo. Namba hiyo tumeibandika ubaoni kwenye chumba chetu cha vijana, kando ya ratiba ya masomo.