BMW 530e kwa matumizi ya kila siku Kisumu

Ndugu, umeuliza kama BMW 530e, gari la petroli na umeme linalochajiwa kwenye soketi, linafaa kwa matumizi ya kila siku: linafaa ikiwa tu una soketi pale unapoliegesha usiku, kwa sababu usipolichaji utakuwa umenunua gari la petroli linalobeba betri nzito bure. Toleo la mwaka 2017 lina betri ya kilowati-saa 9.2, ambayo kwa uendeshaji wa kawaida hutoa takriban kilomita 30 za umeme pekee, hivyo ukitoka Mamboleo hadi mjini na kurudi bila kukanyaga sana, injini inaweza isiwake kabisa, na soketi ya nyumbani italijaza tena kabla ya asubuhi. Safari ya Nakuru ni hesabu nyingine: umeme utakuwa umekwisha kabla hujaimaliza miinuko ya kuelekea Kericho, na tangi ni la lita 46 tu, kwa kuwa betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma na tangi likasogezwa, jambo lililopunguza pia nafasi ya buti. Matuta nayo yaendee polepole. Kabla ya kulipa, mwombe fundi apime uwezo uliobaki wa betri kwa mashine, maana kuibadilisha ni gharama ya kutisha.