Nilimuua baba ukurasa wa 75

Wiki hii nimesoma skripti sita za vijana tulionao kazini, na nne kati ya hizo ajali ya gari iko ukurasa wa 12. Wa 12 kabisa, sio wa 10 wala wa 14. Nikajua ile karatasi imeshawafikia na nyie. Zile biti 15, yaani matukio makuu ya hadithi, za Blake Snyder, yule Mmarekani aliyeandika kitabu cha uandishi wa skripti, Save the Cat, mnatumiana tu WhatsApp: ukurasa wa 12 jambo linatokea, wa 25 shujaa anaingia dunia nyingine, wa 55 katikati, wa 75 kila kitu kinapotea na harufu ya kifo inapita. Wadogo zangu nawapenda, na ndo maana saa hizi naandika badala ya kulala, ila jamani mnanichosha, maana shimo mnaloliendea mimi nilishatumbukia.

1. Mambo ya fomati tumalizane nayo hapahapa. Fonti ya Courier saizi 12, NDANI au NJE juu ya kila sini, ukurasa mmoja hesabu dakika moja, na faili lihifadhi sehemu mbili. Basi.

2. Sijamkataza mtu muundo. Syd Field, mwalimu wa skripti wa Marekani, mwaka 1979 alishaandika kwamba hadithi igeuke ukurasa wa 25 mpaka 27, na mimi mpaka leo nikimaliza drafti naikagua hivyohivyo, naangalia wapi imelala. Nakagua nikiwa nimeshaandika. Nyie mnaanza na karatasi, mnaijaza kama fomu ya mkopo, kisanduku hiki niweke nini, kisanduku kile niweke nani afe.

3. Andika kile kitu unachoona aibu watu wakijue. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 nilikuwa sijaongea na baba miezi mitano. Aliuza kiwanja alichoniahidi, nikapandisha sauti, akapandisha, siku hiyo akaniita kwa jina langu kamili. Baba hakuwa ananiita jina kamili, alikuwa ananiita Babu, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Na baba yangu kuomba radhi kwa mdomo ilikuwa haipo. Akikukosea atakuja jioni na mishkaki kwenye gazeti, ataweka mezani, atapita zake kwenda kuoga. Sisi watoto tulikuwa tunajua, ukiona gazeti lina mafuta ujue yamekwisha.

Sasa msimu wa machungwa ukafika kule Muheza, Tanga, nikapigiwa simu na mtu wa mizigo stendi ya Ubungo, kaka kuna kiroba chako kimetoka Tanga, njoo uchukue. Nikajua nani katuma. Nikasema nitapita kesho. Kesho nikasema kesho. Siku ya nne saa kumi alfajiri dada akapiga, baba presha ilipanda usiku, hayupo. Nikaenda Ubungo kupanda basi la kwanza kwenda kuzika, na yule jamaa wa mizigo akaniona, akanikumbuka, akanibebea kiroba mpaka mlangoni. Nusu yake yalishaanza kuoza, chini kiroba kimelowa. Juu kimeandikwa kwa makapeni, herufi kubwa za mkono wake: BABU – UBUNGO. Nikasafiri na machungwa ya mtu ninayeenda kumzika, nimeyaweka katikati ya miguu, njia nzima suruali inalowa.

Miaka miwili baadaye nikapata produsa, anataka stori ya familia. Nikasema hii hapa, naandika ya baba. Nikafungua ile karatasi. Ugomvi wa kiwanja ukurasa wa 12, safi. Mtoto kuhamia mjini wa 25, safi. Nikafika wa 75, nikamlaza baba kwenye kitanda cha hospitali, mtoto kamshika mkono, baba anasema nisamehe mwanangu, mtoto anasema nimekusamehe baba, muziki, anakata roho. Kiroba hakimo. Mishkaki haimo. Nilijiambia machungwa ni kitu kidogo, sinema inataka kitu kikubwa. Uongo. Nilikuwa naogopa watu wajue kwamba kile kiroba nilikiacha siku nne. Fomula ikanipa pa kujificha, na ilikuwa pazuri, kila ukurasa uko mahali pake.

Tukashuti siku tisa. Produsa akafurahi, hela nikalipwa. Nikampelekea mama DVD nyumbani, tukakaa sebuleni tukatazama wote mpaka mwisho. Mama akaniuliza taratibu tu, "Huyu mzee ni baba wa nani?" Akainuka akaenda kuangalia wali.

Nimeshakosolewa na madairekta, nimeshafukuzwa kwenye chumba cha waandishi wa tamthilia, lakini hakuna kilichoniingia kama kile. Mtu mmoja duniani aliyekuwa anamjua yule mzee kuliko mimi, kakaa naye karibu saa mbili kwenye kioo, hakumtambua.

4. Kuandika kwa hisia sio kuliza watu kwenye skripti. Ekta akilia dakika tatu mtazamaji anakaa tu kumwangalia, kazi yake imeshafanywa na mwingine. Tafuta kitu chenu cha gazeti lenye mafuta, kila nyumba inacho, halafu kiweke mezani na ukae kimya.

5. Dayalogi isome kwa sauti, na stori itoe kwenye maisha unayoyajua. Kuna binti kati yenu, skripti yake ina wauza unga na kufukuzana kwa pikipiki Kigamboni, nikamuuliza tukiwa kwenye chai umeshawahi kumwona muuza unga? Hajawahi. Tukaendelea na stori nyingine, ndo akanisimulia mama yake alivyouza cherehani ili yeye aende fomu five, na alivyowaambia wanawe ameipeleka kwa fundi, na kila wiki wakimuuliza anasema fundi bado. Nikamwambia sasa hii mbona haimo? Akasema kaka, hii sio stori, haya ni maisha tu.

Nilitaka kupiga meza.

Jana usiku kanitumia ukurasa mmoja na nusu. Hakuna anayelia humo. Mama anafagia chumba, akifika pale cherehani ilipokuwa, anapazunguka na ufagio kama vile bado ipo. Mtoto yuko mlangoni anamwangalia. Hajauliza tena habari za fundi.

Alhamisi tunaisoma hiyo kwanza, saa nne. Nyie wengine wa ukurasa wa 12 njooni na kurasa mpya, hata mbili zinatosha.