Anatapika damu na tumbo limejaa, je karogwa?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mke wa mvuvi huku Ukerewe. Shemeji yangu, miaka 34, kavua dagaa tangu mdogo, sasa tumbo limemjaa, upande wa kushoto gumu kabisa, mwili umekwisha, na wiki iliopita katapika damu bakuli zima. Wanasema karogwa sababu ya ugomvi wa mtumbwi, wengine vidonda vya tumbo. Mi nikawaza kichocho ila hakojoi damu. Na watoto wetu wanaoga humohumo ziwani.

JIBU: Marahaba mama. Kwanza acha kusoma, mpelekeni hospitali kubwa leo, si kesho, maana akitapika tena anaweza kufa njiani. Na msimpe diklofenaki wala aspirini, zinazidisha kutoka damu.

Kichocho cha kukojoa damu ndo cha Pemba na sehemu za pwani. Cha ziwani kwenu ni cha tumbo: kinaanza na kuharisha, mara damu kwenye choo, uchovu, mtu anazoea tu. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga, mayai mengine yanachukuliwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama huko, miaka inapita ini linajaa makovu, damu inakosa njia, bandama linavimba (ndo hilo gumu la kushoto) na mishipa ya koo la chakula inatuna hadi siku inapasuka. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kuliko na hao wa mtumbwi, japo homa ya ini na pombe nazo zinafanya hivyohivyo, lazima apimwe choo, damu na ultrasaundi. Wataingiza kamera mdomoni na mishipa inayovuja itafungwa.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, inamezwa baada ya kula, kizunguzungu na tumbo kukata ni kawaida kwa masaa machache. Inaua minyoo mikubwa, michanga inabaki, ndo maana wengine wanarudia baada ya wiki kadhaa. Ila makovu ya siku nyingi kwenye ini mara nyingi hayaishi, huo ndo ukweli.

Watoto wakigawiwa vidonge shuleni wameze, tatizo watu wazima mnasahauliwa, na wewe unayefua ziwani nenda zahanati upimwe. Vimelea vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa majini zaidi mchana jua likiwa kali, vinapenya ngozi dakika chache tu. Maji ya kuoga chota, yakae kwenye pipa siku mbili, ndo muoge.