Bima ya majeruhi, ya ajali au ya dhima?

SWALI: Natafsiri hati za bima ya gari kwa ajili ya Wakongomani waliohamia Marekani. Penye casualty insurance, programu ya tafsiri inanipa "bima ya majeruhi". Je, ni sahihi?

JIBU: Futa hiyo "majeruhi". Majeruhi ni mtu aliyeumia, na msomaji ataelewa kwamba bima hii ni ya kulipia matibabu yake. Katika biashara ya bima neno la Kiingereza "casualty" lilikuja na maana yake ya zamani: tukio baya lisilotazamiwa. Kule Marekani linataja fungu zima la bima ambalo kiini chake ni dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kumlipa mtu uliyemsababishia hasara. Fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini nayo imo humo.

"Bima ya ajali" inakaribia, lakini peke yake ina mtego. Kwetu Tanzania bima ya ajali binafsi humlipa mwenyewe aliyeikata. Sasa fikiria mteja wako amepitiliza taa nyekundu akagonga gari la jirani. Bima ya dhima itamtibu jirani na kulitengeneza gari lake, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Bampa ya mteja wako iliyong'oka haimo. Hiyo inahitaji kinga nyingine. Akisoma "bima ya ajali" tu, atakwenda kudai bampa.

Kwa hiyo, jina la fungu zima liandike "bima ya ajali na dhima". Kifungu kinachohusu hasara za wengine kiite "bima ya dhima", na mara ya kwanza ongeza: "humlipa uliyemdhuru, si wewe". Usiandike "dhamana", maana wengi watawaza mahakama na polisi. Ukimweleza Mtanzania kwa mdomo, mwambie inafanana na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Ataelewa papo hapo.

Angalia pia kitenzi. Sisi husema "kukata bima" kama tunavyosema kukata tiketi, na gari "hukatiwa bima". Wasomaji wako, ambao wengi wamezoea Kifaransa, wanaweza kudhani bima imesitishwa. Kwao andika "kununua bima", na kusitisha kuwe "kufuta bima".