"Hamisha" au "hamishia"? Kuelezea kazi ya skripti kwa Kiswahili

Swali: Ninaandika maelezo ya skripti ya sheli (orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfuatano) inayotenga faili kwa tarehe na kuzipeleka kwenye folda nyingine. Nimeandika hivi: "Skripti hii hupanga faili na kuhamisha faili za kabla ya siku 30 kwenye folda ya Kumbukumbu." Mwenzangu anasema sentensi hii inaweza kueleweka kinyume. Je, ni kweli? Na niseme faili "zimehamishwa" au "yamehamishwa"?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, na inaweza kueleweka kinyume mara mbili.

Tuanze na "kuhamisha ... kwenye folda". Neno "kwenye" halina mwelekeo. Ukisema "weka kitabu kwenye meza", kitabu kinakwenda mezani. Ukisema "ondoa kitabu kwenye meza", kinatoka. Kinachoonyesha njia ni kitenzi. Sasa "hamisha" peke yake hakituambii upande. "Hamisha faili kwenye folda ya Kumbukumbu" yaweza kuwa amri ya kuziingiza humo, na yaweza vilevile kuwa amri ya kuzitoa humo. Anayesoma maelezo ya skripti asiyoiandika yeye hana namna ya kujua.

Dawa tunayo katika sarufi yetu, nayo ni kauli ya kutendea. Kama vile "hama" huwa "hamia", "hamisha" huwa "hamishia", na hapo mwisho wa safari unajulikana: "hamishia faili kwenye folda ya Kumbukumbu". Irabu moja tu, lakini ndiyo inayobeba maana, na inaniuma kuona inavyoachwa katika maelezo mengi ya programu. Ukitaja pande zote mbili, "hamisha" inatosha: "hamisha faili kutoka Upakuaji hadi Kumbukumbu".

Kinyume cha pili kimo katika "kabla ya siku 30". Mtu akiambiwa alipe deni kabla ya siku 30, anaelewa kwamba siku hizo zisimalizike. Kwa hiyo "faili za kabla ya siku 30" huweza kusomwa kuwa ni faili changa, zisizofikisha siku 30, wakati wewe unakusudia zile kuukuu. Wengi wangerekebisha kwa kuandika "zaidi ya siku 30", na katika mazungumzo ya kawaida ingetosha. Kwa skripti haitoshi. Tazama amri yenyewe:

find Upakuaji -type f -mtime +30 -exec mv -n {} Kumbukumbu/ \;

Amri ya find, ambayo hutafuta faili, huhesabu umri wa faili kwa vipindi vya saa 24 na kuacha kipindi ambacho hakijakamilika. Faili yenye siku 30 na saa 20 huhesabiwa kuwa na siku 30 tu, na kwa kuwa +30 hudai idadi inayozidi 30, faili hiyo hubaki ilipo mpaka itimize siku 31. Kitenzi "timiza" kinafaa sana hapa, kwa sababu hakikubali siku pungufu. Andika "faili zilizotimiza siku 31 au zaidi". Kama nia yako ni kuanzia siku 30, basi kinachobadilika ni amri: weka +29.

Siku hizo pia zihesabiwe tangu lini? Usiseme "tarehe ya faili" ukaishia hapo. Kipimo cha -mtime hutazama mara ya mwisho yaliyomo ndani ya faili yalipobadilishwa, si siku faili ilipoundwa. Kwa sababu hiyo "nakili" na "hamisha" zisibadilishane nafasi katika maelezo yako: mv, amri ya kuhamisha, huiacha tarehe hiyo kama ilivyo, ilhali cp, amri ya kunakili, bila -p (inayohifadhi tarehe) huipa nakala tarehe mpya.

Kuhusu "hupanga", kupanga ni kuweka vitu kwa mfuatano, kama amri ya ls -t inavyoorodhesha faili mpya kwanza. Kuziweka faili za kila mwezi katika folda yake ni kutenga au kugawa. Kazi hizi mbili hukutana kwenye majina ya folda. Folda zikiitwa 2024-03, 2024-04 na kuendelea, mfuatano wa majina ndio mfuatano wa miezi. Zikiitwa kwa majina ya miezi, orodha itaanza na Agosti, ifuate Aprili, kisha Desemba, na Januari itakuwa ya tano. Katika hali hiyo usiandike kwamba folda zimepangwa kwa tarehe.

Ngeli haina ugomvi mkubwa. Wapo wanaosema "faili imehamishwa, faili zimehamishwa", na wapo wanaosema "faili limehamishwa, mafaili yamehamishwa". Mimi hutumia ya kwanza, kwa kuwa inalingana na "folda", na maelezo ya kiufundi hutaja vyote viwili katika sentensi moja. Uchague moja uishike; "mafaili zimehamishwa" ni kosa.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Skripti hii huchukua faili zilizotimiza siku 31 au zaidi tangu zilipobadilishwa mara ya mwisho, na kuzihamishia kwenye folda ya Kumbukumbu." Kama inazigawa pia kwa miezi, ongeza: "ambamo kila mwezi una folda yake."