Chambo cha mrija: anza na tundu, manyoya baadaye

Kijana akija kujifunza kufunga chambo cha mrija, yaani chambo bandia cha manyoya kinachofungwa juu ya mrija, hapa Malindi, mkono wake wa kwanza huenda kwenye manyoya. Simlaumu, rangi zinavuta macho. Lakini chambo hiki kilibuniwa kwa sababu ya tundu lililopita katikati yake, na asiyelielewa tundu hilo atafunga pambo la ukutani.

Kwenye chambo cha kawaida, manyoya hufungwa juu ya shina la ndoana yenyewe. Hapa yanafungwa juu ya mrija. Mshipi unapitishwa ndani ya mrija, kisha ndoana inafungwa mwisho wa mshipi. Sulisuli akinasa na kuanza kuruka, mrija huteleza ukapanda na mshipi, yeye akabaki na ndoana fupi peke yake. Ndoana yenye shina refu humpa samaki wenzo wa kujinasulia. Fupi haimpi nafasi hiyo. Faida ya pili ni ya mfukoni: ndoana ikipinda au ikiota kutu unabadilisha ndoana tu, kazi ya mikono yako inabaki. Mtindo huu ulianzia Aberdeen, Uskochi, miaka ya 1940, kwa ajili ya samoni wa mitoni huko. Mirija ya mwanzo ilikuwa mashina matupu ya manyoya ya bata mzinga. Kwa hiyo usione haya kuanza na vitu vya jikoni na vya dukani.

Mrija wa wino wa kalamu unafaa ukiuosha vizuri. Kijiti cha plastiki cha pamba za masikio kinafaa kwa chambo kidogo cha kolekole, kama kina tundu. Kwa sulisuli tafuta kitu kipana zaidi, maana mdomo wake unakwaruza kama msasa na wavuvi huweka kipande cha mshipi mnene mbele ya ndoana. Kabla hujafunga hata unyoya mmoja, pitisha mshipi ule ule utakaokwenda baharini. Ukikwama, tafuta mrija mwingine. Mrija wa shaba unazamisha chambo vizuri, lakini kingo zake hula mshipi, hivyo lazima uuvike mrija mwembamba wa plastiki kwa ndani, utokeze kidogo pande zote mbili.

Ncha ya plastiki ukishaikata, isogeze karibu na moto wa kiberiti cha gesi bila kuigusisha. Itajikunja na kufanya mdomo mdogo, na mdomo huo ndio unaozuia uzi kuchopoka. Ncha ya mbele huunguzwa mwisho, kazi ikiwa imekamilika, na hapo ndipo wanafunzi wengi hulia: nywele bandia ulizopambia chambo hushika moto kufumba na kufumbua. Zilowanishe kwanza, uzishike nyuma kwa vidole.

Jiliwa haliubani mrija moja kwa moja, litauponda. Bana kipande cha spoku ya baiskeli au sindano nene, uuchomeke mrija humo mpaka ukaze, usizunguke. Plastiki inateleza, kwa hiyo zungusha uzi tabaka moja kamili na uweke tone la supaglu kabla ya kuanza kupamba. Asiyefanya hivyo atashangaa manyoya yote yakigeuka upande siku ya pili.

Nywele za kusuka zinazouzwa maduka ya urembo ni nzuri kuliko vitu vingi vinavyoagizwa nje. Ni ndefu, hazishiki maji, hazinuki. Funga vishungi vidogo vidogo, ukianzia nyuma kuja mbele, urefu wote ufike sentimita 20 hivi. Kisha punguza. Anayeanza hujaza nywele kwa sababu chambo kikavu chembamba kinaonekana maskini. Kitie ndooni, ukivute, uone kinavyopumua. Kile kilichojazwa kitakuja kama fagio, na mvuvi anayekirusha dhidi ya upepo wa kaskazi atakutafuta.

Ujue pia kinavyotumika. Baharia huburuta nyuma ya boti vivutio visivyo na ndoana. Sulisuli akipanda kuvifuata, vinaondolewa, nahodha anatoa gia, ndipo mvuvi anarusha. Kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, zinataka boti iwe nje ya gia chambo kinaporushwa, na sehemu dhaifu ya mshipi isihimili mvuto unaozidi kilo 10. Maana yake ni kwamba chambo chako hakitavutwa na injini. Lazima kifanye fujo chenyewe kwa mvuto wa mkono, na kwa hiyo wengi huweka mbele kichwa cha sponji kinachopiga maji. Soli ya ndara iliyookotwa ufukweni, ukiikata duara na kuitoboa kwa msumari wa moto, inatosha. Huko Lamu walifunika jahazi zima, Flipflopi, kwa ndara zipatazo 30,000, likashushwa majini 2018. Kwa kichwa cha chambo hutakosa.

Rangi nitazipita haraka. Nyeupe na waridi, au nyeupe na buluu, zinatosha maji yakiwa safi. Mvua zikinyesha bara, Sabaki hushusha tope na bahari ya mbele yetu huwa kahawia. Hapo weka mgongo mweusi, umbo lionekane.

Mwisho wa mrija huvikwa kipande cha mpira laini, na jicho la ndoana hukaa humo kwa kubanwa kidogo tu. Kikikaza mno, mrija hautateleza, na faida yote imepotea. Kikilegea, ndoana italala upande.

Ukirudi pwani toa ndoana, pitisha maji ndani ya tundu, uanike chambo kivulini. Tumia maji matamu ya bomba. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi yake.